Kumjua Bakteria Aliyeshambulia Jani: Kutoka Shambani Hadi Sahani ya Maabara

Mama mmoja mkulima wa Lushoto aliniletea majani sita ya kabichi ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko, yametoka jasho. "Mwanangu, bakajani hii nimeipiga dawa mara nne, haisikii." Nikayatandaza mezani. Kila jani lilikuwa na pembe ya njano iliyoanzia ukingoni, pana kwa nje, ncha ikielekea mshipa mkuu, mfano wa herufi V. Ndani ya ile njano, vishipa vyeusi vimejichora kama kwa wino. Haikuwa bakajani. Dawa aliyoipiga ni ya ukungu, na aliyekuwa kwenye jani ni bakteria, *Xanthomonas campestris*, mleta uozo mweusi wa kabichi. Fedha ya dawa, vibarua na maji ya mara nne ilipotea kwa sababu hakuna aliyemwambia mama huyu jina la adui yake.

Nimeyaona haya mara nyingi mno, na yananiuma, kwa sababu nusu ya kazi ya kumtambua bakteria haihitaji hata umeme. Nusu ya pili inahitaji maabara ndogo na subira. Nitazieleza zote mbili kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe. Mifano yangu mikubwa ni kabichi na nyanya, lakini njia ni ileile kwa pilipili hoho, sukuma wiki, matango na maharage.

Hatua ya 1: Ingia shambani mapema

Nenda kabla jua halijapanda. Tazama ukingo wa jani la kabichi na utaona matone yamejipanga kama shanga. Wengi huyaita umande, lakini umande hutua jani zima. Matone haya yako ukingoni tu, kwenye ncha za vishipa. Ni maji ya mmea wenyewe: usiku mizizi imevuta maji mengi, jani halijaweza kuyatoa yote kwa mvuke, basi yanasukumwa nje kupitia vitundu vidogo vya ukingoni. Jua likiwaka, sehemu ya maji hayo hunyonywa kurudi ndani. Bakteria aliyekuwa akiogelea kwenye tone huingia nayo, moja kwa moja mpaka kwenye mshipa. Hapo ndipo ile V inapozaliwa, na ndiyo sababu inaanzia ukingoni na si katikati ya jani.

Ukiwa bado hujagusa kitu, angalia shamba zima. Ugonjwa umeanzia kitaluni, au umetokea baada ya mvua ya upepo? Umefuata mstari wa maji ya kumwagilia kwa juu? Umefuata njia anayopita mpigaji dawa majani yakiwa mabichi? Bakteria husafiri kwa mbegu, kwa maji yanayoruka na kwa mikono. Ukiona miche ya trei moja tu ndiyo inayougua na ya trei ya pili ni mizima, mbegu iwe ya kwanza kushukiwa.

Muulize mkulima, na usiulize kwa kumsuta: mbegu ilitoka wapi, msimu uliopita hapa palikuwa na nini, dawa gani zimepigwa na lini. Andika. Majibu haya yatakusaidia kuliko darasa zima la nadharia.

Hatua ya 2: Lisome doa

Shika jani dhidi ya mwanga. Doa changa la bakteria huonekana limelowa, kama karatasi iliyodondokewa na mafuta. Mara nyingi lina pembepembe kwa sababu bakteria huzuiwa na vishipa, na kuzunguka doa hutokea duara la njano. Jani likiwa bichi unaweza kuona utelezi au tone la ute. Likikauka, ute huo hubaki kama utando unaong'aa. Kwenye matango ute huo hudondoka kama machozi upande wa chini wa jani, na waliompa jina bakteria wake, *Pseudomonas syringae* aina ya *lachrymans*, walichukua neno la Kilatini la machozi.

Nyanya ndiyo inayochanganya watu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Vidoa vidogo vyeusi kama vya kalamu, vyenye duara la njano, vilivyozuka wakati wa baridi na unyevu (nyuzi 18 hadi 24), vinaelekeza kwa *Pseudomonas syringae* aina ya *tomato*. Kwenye tunda vidoa hivyo ni vidogo sana na ukipitisha ukucha unahisi ni kama punje zilizobandikwa juu ya ngozi. Joto likipanda na mvua ikaendelea, madoa yakawa makubwa zaidi, ya kahawia iliyoiva, jani likageuka njano na kupukutika, na tunda likapata magamba yenye mkwaruzo, hapo mshukiwa ni *Xanthomonas*. Jamii hii kwenye nyanya na pilipili hoho ina aina kadhaa zinazofanana kwa macho, kwa hiyo asije mtu akakutajia spishi kwa kutazama tu. Jani likikauka ukingoni kama limebabuliwa na moto, upande mmoja wa kikonyo ukinyauka na wa pili bado mzima, na tunda likawa na doa dogo la kahawia ndani ya duara jeupe kama jicho la ndege, fikiria *Clavibacter michiganensis*. Chana shina lake kwa kisu utaona mstari wa njano au kahawia chini ya ganda.

Sasa wale ambao si bakteria. Bakajani tangulia ina miduara ndani ya miduara, kama shabaha ya kulengea. Bakajani chelewa hutoa utando mweupe chini ya jani kukiwa na unyevu. Septoria, ugonjwa wa ukungu, ina vidoa vyenye kitovu cha kijivu na punje nyeusi katikati, ambazo lenzi ya mkononi inayokuza mara 10 inazionyesha vizuri. Doa la bakteria halina unyoya wala punje.

Na kama nyanya nzima imenyauka ghafla huku majani bado ya kijani, achana na majani. Kata shina karibu na udongo, kipande cha sentimita 5 hivi, kining'inize kwenye glasi angavu yenye maji matulivu. Nyuzi nyeupe kama moshi zikianza kushuka ndani ya dakika chache, huyo ni *Ralstonia*, bakteria wa mnyauko. Jaribio hili linafanyika jikoni, na kila afisa ugani anapaswa kulifanya mbele ya mkulima, aone kwa macho yake.

Hatua ya 3: Jani lilale usiku mmoja

Chukua bakuli la plastiki lenye mfuniko, tandika tishu iliyoloweshwa na kukamuliwa, weka jani juu yake, funika, weka kivulini. Kesho yake saa ileile lifungue. Ukungu utakuwa umeota manyoya. Bakteria hatakuwa na manyoya, pengine utelezi tu. Soma matokeo baada ya saa 24. Ukiacha siku tatu, ukungu wa kuozesha utaota juu ya kila kitu, na utadanganyika.

Hatua ya 4: Wembe, tone la maji na hadubini

Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na shule nyingi za sekondari zina hadubini ya kutosha kukifanya.

Kata kipande cha milimita 2 au 3 pale ambapo ugonjwa unapakana na uzima. Usikate katikati ya doa, pale pameshakufa na waliobaki ni waozeshaji. Weka kipande kwenye slaidi, dondosha tone la maji safi yaliyochemshwa yakapoa, funika kwa kioo chepesi, subiri dakika mbili, tazama kwa ukuzaji wa mara 100 kisha 400, ukipunguza mwanga. Kama ni bakteria, utaona wingu linamiminika kutoka kwenye mkato, hasa kwenye ncha za vishipa. Linachemka na kusambaa kama maziwa ndani ya chai ya rangi. Mtu akiliona mara moja halisahau.

Fanya hivyohivyo kwa jani lisilougua la mmea uleule, kwenye slaidi ya pili. Chembe za wanga na utomvu nazo huelea na kumdanganya mgeni, lakini hazimiminiki mfululizo. Bila jani la kulinganishia, usitoe jibu.

Ukifika hapa umeshajua jambo kubwa: ni bakteria au si bakteria. Kwa wakulima wengi hilo linatosha kusimamisha matumizi ya dawa ya ukungu. Dawa ya ukungu kama mancozeb peke yake haiui bakteria. Anayetaka jina kamili aendelee.

Hatua ya 5: Chukua sampuli inayofaa

Chagua majani yenye madoa machanga, kutoka mimea kadhaa. Chukua kabla ya kupiga dawa ya shaba. Shaba ikiwa juu ya jani bakteria hukataa kuota kwenye sahani ingawa ugonjwa upo. Funga kwa gazeti kavu au bahasha ya karatasi, kamwe si chombo kilichofungwa kabisa, maana jani likitoa jasho huoza njiani. Yale majani sita ya ndoo, mawili tu ndiyo yaliyofaa kupimwa. Usiyaache kwenye dashibodi ya gari. Yafike maabara siku hiyohiyo, au yalale kwenye friji, si friza. Kwenye bahasha andika zao, aina ya mbegu, mahali, tarehe na dawa zilizopigwa.

Hatua ya 6: Mwoteshe kwenye sahani

Safisha kipande cha jani kwa jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu tisa za maji, kwa sekunde 30 hivi, kisha suuza mara tatu kwa maji yaliyotakaswa. Kikate vipande vidogo ndani ya matone machache ya maji hayo, kiponde, kiache dakika 10 bakteria watoke. Choma kitanzi cha waya kwenye moto mpaka kiwe chekundu, kipoe, chovya, chora mistari kwenye agari (chakula cha bakteria kilichoganda kama jeli). Choma tena, geuza sahani, vuta mistari mipya kutoka mwisho wa ile ya kwanza. Rudia mara ya tatu. Lengo ni koloni (vikundi vya bakteria vinavyoonekana kwa macho) moja moja zilizojitenga, kila moja ikiwa imetokana na chembe moja.

Weka sahani zikiwa zimepinduliwa, mvuke usidondokee agari, kwenye joto la nyuzi 28. Kisha subiri, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kesho yake tu sahani itakuwa na koloni za njano zilizonona, nawe utafurahi. Tulia. Juu ya majani huishi bakteria wa njano wasio na kosa, jamii ya *Pantoea*, na hao huota haraka ndani ya saa 24. *Xanthomonas* huhitaji saa 48 hadi 72. *Clavibacter* ni mzito zaidi, siku tano, saba, hata zaidi. Weka alama ya wino chini ya sahani kwa kila koloni iliyotokea siku ya kwanza, ili siku ya tatu umjue mgeni aliyechelewa. Mara nyingi huyo aliyechelewa ndiye unayemtafuta.

Nina mazoea ya kutumia agari mbili. Moja ni YDC, yenye kiini cha hamira, glukosi na unga wa chokaa: *Xanthomonas* akiota humo huwa wa njano, mviringo, ameinuka, mwenye ute kama asali. Ya pili ni King B, iliyotengenezwa mwaka 1954: *Pseudomonas syringae* humwaga rangi inayong'aa ukimulika taa ya urujuanimno gizani. Kung'aa peke yake si ushahidi, maana wapo *Pseudomonas* wengi wa udongo na maji wanaong'aa na hawana ugonjwa wowote.

Hatua ya 7: Mhoji

Anza na swali la Gram. Daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, aligundua mwaka 1884 namna ya kuwagawa bakteria kwa rangi, na mpaka leo tunawaita Gram chanya na Gram hasi. Njia ya mkato haihitaji rangi: dondosha tone la potasiamu haidroksaidi ya asilimia 3 kwenye slaidi, chota koloni kwa kijiti cha meno, koroga sekunde 10 hivi, kisha inua kijiti taratibu. Ukivutika uzi wa ute kama wa bamia, ni Gram hasi, kwa sababu ukuta wake mwembamba umeyeyuka na DNA yake (vinasaba) imemwagika. Tone likibaki maji, ni Gram chanya. Vaa glavu na miwani, kemikali hii inaunguza. Kwenye nyanya kipimo hiki kimoja kinawatenganisha wawili wa njano: *Xanthomonas* anavuta uzi, *Clavibacter* havuti.

Kwa anayeng'aa kwenye King B, kuna mfululizo wa vipimo vitano uliopangwa mwaka 1966 na unaotumika hadi sasa. Vitatu vinafaa maabara yoyote ndogo. Kipimo cha oksidesi, kimeng'enya cha bakteria: *P. syringae* ni hasi, *Ralstonia* na wengi wa wale wa udongo ni chanya. Kipande cha kiazi mviringo: paka bakteria juu ya kiazi kilichosafishwa na kuwekwa palipo na unyevu, kikioza na kuwa uji kesho yake, umepata mwozeshaji, si *P. syringae*. Na jani la tumbaku: koroga bakteria kwenye maji mpaka yawe kama maziwa mepesi, sukuma kwa sindano isiyo na ncha ya chuma ndani ya jani kutoka upande wa chini. Bakteria wa kweli wa ugonjwa husababisha sehemu ile ilegee na kukauka ndani ya saa 24 hadi 48, kwani tumbaku inaziua seli zake yenyewe ili kumzuia. Asiye na ugonjwa haachi alama. Daima sukuma maji matupu upande wa pili wa jani lilelile.

Hatua ya 8: Mrudishe kwenye mmea

Mwanasayansi wa Ujerumani Robert Koch alifundisha kwamba kumkuta kiumbe kwenye mgonjwa hakutoshi. Lazima umtenge, umrudishe kwa aliye mzima, alete ugonjwa uleule, umtoe tena akiwa yuleyule. *Xanthomonas* wa kabichi alielezwa na mtaalamu wa mimea Pammel kutoka Iowa, Marekani, mwaka 1895, na miaka ileile Mjerumani Alfred Fischer alikuwa akibisha kwamba bakteria hawezi kuuletea mmea ugonjwa hata kidogo. Mmarekani Erwin Smith alimjibu kwa majaribio ya namna hii hii.

Chukua miche ya kabichi ya wiki tatu au nne kutoka mbegu unayoiamini. Kata ncha za vishipa ukingoni kwa mkasi uliochovywa kwenye maji yenye bakteria. Miche mingine ikate kwa mkasi uliochovywa maji safi. Miche yote iweke mahali pa joto na unyevu, mbali na shamba la mtu yeyote. Kati ya siku 7 na 14 V ya njano na vishipa vyeusi vitarudi kwa wa kwanza, wa pili watabaki wazima. Toa kipande, otesha tena, linganisha. Sasa unaweza kuweka saini.

Hatua ya 9: Pale jina kamili linapodaiwa

Kwa mbegu inayovuka mpaka, au utafiti, utahitaji PCR (njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) na usomaji wa jeni. Usomaji wa jeni ya 16S utakupa jenasi na mara nyingi hauwezi kutenganisha spishi za *Xanthomonas*. Omba jeni kama *gyrB*. Kazi hii ipelekwe kwa wenye vifaa: Tanzania kuna TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu) na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Morogoro, Kenya kuna KEPHIS (shirika la ukaguzi wa afya ya mimea). Wapelekee koloni safi pamoja na picha za shambani na maelezo yote ya hatua ya 5.

Majibu kwa mkulima

Majibu yaandikwe kwa Kiswahili cha kawaida, na yaanze na la kufanya. Kwa yule mama nilimwambia hivi: "Mama, dawa ya ukungu iache. Aliyepo ni bakteria, na jani lililougua halitapona." Ng'oa miche iliyougua, izike mbali. Usiingie shambani majani yakiwa na maji. Usirudishe kabichi, chainizi, sukuma wiki wala figili hapo kwa misimu ya miaka miwili au mitatu, na ng'oa haradali pori. Dawa ya shaba ni kinga ya jani lisilougua. Mbegu ya kabichi isiyopakwa dawa iloweshwe kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, kwa kipimajoto, si kwa kidole. Ikizidi nyuzi chache mbegu inakufa. Alinunua kipimajoto, na tukaijaribu kwanza kwa punje 50 tukapanda tuone zinaota ngapi.

Sahani ulizomaliza nazo zichemshwe kwenye otoklevu (chombo cha kutakasa kwa mvuke wa presha) nyuzi 121 kwa dakika 15, au kwenye sufuria ya presha kwa nusu saa, kabla ya kutupwa. Usizioshe kwenye bomba ambalo maji yake yanaishia bustanini.